Ndege za kivita zilizoyeyushwa: ipi ingefaa kuokolewa?

Swali: "Marehemu babu yangu alifanya kazi Kipevu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwenye boti za kupeleka mafuta kwa ndege zinazotua majini. Ametuachia kipande cha alumini chenye namba, alichosema kilitoka kwenye ndege mojawapo. Ndege zile zilikwenda wapi? Na ninyi mnaofuatilia ndege za zamani, katika zote zilizokatwakatwa baada ya vita, mngeokoa ipi?" Msomaji, Changamwe, Mombasa.

Jibu: Ndege alizozihudumia marehemu babu yako zilikuwa Catalina, zilizobuniwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani na kurushwa na Jeshi la Anga la Uingereza. Kikosi cha 259 kiliundwa hapo hapo Kipevu mwezi Februari 1943, na baadaye mwaka huo kikahamia Dar es Salaam. Kikosi cha 209 nacho kilikuwa na Catalina zake Kipevu. Kazi yao ilikuwa kulinda misafara ya meli na kusaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Agosti 1943, Catalina moja ya kikosi cha 259 na nyingine ya kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagascar. Vitabu humtaja rubani, lakini hakuna Catalina iliyopaa Kilindini bila mtu wa boti kuifikishia mafuta kwanza, na kazi hiyo ilitaka mkono uliotulia: boti ikigonga mwili wa ndege kwa kishindo, bati lake jembamba linatoboka.

Catalina haikuwa na mbio. Bawa lake moja refu liliinuliwa juu ya mwili kwa nguzo, injini mbili zikakaa juu ya bawa mbali na maji ya chumvi, na ubavuni kulikuwa na madirisha mawili ya kioo yaliyotuna, ambamo walinzi walikaa wakikodolea mawimbi macho. Sifa yake kubwa ilikuwa kukaa angani. Saa 20 kwake hazikuwa jambo la kushangaza.

Zilikwenda wapi? Catalina nyingi za Uingereza zilikuja kwa mpango wa Lend-Lease, ambao Marekani iliwaazima washirika wake silaha na vifaa. Vita vilipokwisha, masharti yalikuwa wazi: kilichobaki kirudishwe, kilipiwe, au kiharibiwe. Uingereza ilikuwa imeelemewa na madeni, haikuwa na haja ya kununua ndege isizozihitaji tena. Marekani nayo haikutaka kurudishiwa, kwa sababu viwanja vyake vilikuwa vimefurika ndege zake yenyewe. Njia iliyobaki ikawa kuzikata au kuzipeleka kina kirefu na kuzizamisha.

Mfano unaoniuma zaidi uko ng'ambo ya pili ya bahari yetu hii hii. Kuanzia katikati ya 1943, shirika la Qantas liliendesha Catalina tano kutoka Perth, Australia, hadi ziwa la Koggala katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Wajapani walikuwa wameikata njia ya kawaida kwa kuiteka Singapore, kwa hiyo ndege hizo zilivuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, zaidi ya kilomita 5,000, bila kutumia redio ili adui asizisikie. Rubani aliongozwa na nyota. Safari ilichukua kati ya saa 27 na 33, hata abiria wakaona jua likichomoza mara mbili kabla ya kutua. Ndiyo maana safari hizo zikajulikana kama Double Sunrise. Mafuta yalikuwa mengi mno kiasi kwamba nafasi iliyobaki ilitosha abiria watatu na mifuko michache ya barua. Zilivuka mara 271 hadi Julai 1945, na ndege zenyewe zilipewa majina ya nyota: Altair, Vega, Rigel, Antares na Spica. Kisha zote tano zikazamishwa makusudi, nne karibu na kisiwa cha Rottnest nje ya Perth na moja nje ya Sydney, kutimiza masharti ya mkopo. Hakuna aliyepata ruhusa ya kuibakiza hata moja.

Lazima nitenganishe mambo mawili hapa, maana wapenzi wa ndege huyachanganya sana. Catalina kama aina ya ndege haikupotea. Zilijengwa zaidi ya 3,000, na nyingi zilipata kazi baada ya vita: zilibeba mizigo, zilitafuta waliopotea baharini, zilimwaga maji juu ya misitu inayoungua. Chombo chenye kazi hakikatwi. Leo makumi ya Catalina yapo duniani na chache bado huruka. Iliyopotea ni Catalina ile yenyewe, yenye historia yake. Hata jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Uingereza lililoko Cosford linaonyesha Catalina iliyotumiwa na Denmark, iliyotolewa na Wadenmark baada ya kustaafu.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Mimi ningeokoa Short Stirling.

Stirling ilikuwa ndege ya kwanza ya Uingereza ya kudondosha mabomu yenye injini nne kuingia katika vita vile. Zilijengwa zaidi ya 2,300, Rochester, Belfast na kwingineko, na leo haipo hata moja nzima mahali popote duniani. Vipo vipande vilivyookotwa kwenye mabaki ya ajali, na wako wapenzi nchini Uingereza wanaojenga upya sehemu ya mbele ya mwili wake, msumari kwa msumari. Basi.

Kinachonivutia katika Stirling ni kwamba kasoro zake zinasomeka mwilini mwake. Serikali ilitaka mabawa yasizidi futi 100, na yakatoka futi 99 na inchi 1, sawa na mita 30 hivi. Utasikia ikisemwa kwamba kipimo hicho kilitokana na milango ya mabanda ya ndege. Lakini mabanda ya wakati ule yalikuwa na milango mipana kuliko hapo, na kusudi lilikuwa kuizuia ndege isizidi ukubwa na uzito. Mabawa yakawa mafupi na manene. Ili ndege hiyo nzito iweze kupaa kwenye uwanja mfupi, ilibidi pua iinuliwe juu ikiwa bado ardhini, na ili pua iinuke wahandisi wakaipa miguu mirefu kupita kiasi, yenye mikunjo miwili. Ukisimama chini yake, rubani alikuwa amekaa juu kama mtu aliye kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Miguu hiyo ilivunjika mara nyingi. Ndege ya kwanza kabisa ya majaribio iliruka tarehe 14 Mei 1939, breki zikakamata wakati wa kutua, miguu ikavunjika, na safari yake ya kwanza ikawa ya mwisho.

Mabawa mafupi yalikuwa na gharama nyingine. Stirling yenye shehena kamili haikuweza kupanda juu sana, kwa hiyo ilipita chini ya ndege nyingine za mabomu za Uingereza, Lancaster na Halifax, karibu zaidi na mizinga ya Wajerumani, na mara nyingine mabomu ya wenzao yaliwaangukia kutoka juu. Waliorushwa nayo wanaikumbuka kwa jambo jingine: kwa ukubwa wake iligeuka kwa wepesi, na ilivumilia kupigwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1943, rubani Arthur Aaron wa kikosi cha 218, kijana wa miaka 21, alipigwa risasi usoni akielekea Turin. Taya likavunjika, mkono wa kulia ukafa, hawezi kusema. Aliwaandikia wenzake maelekezo kwa mkono wa kushoto hadi ndege ikatua Bône, Algeria, ikiwa na injini iliyoharibika. Alifariki saa chache baadaye, akatunukiwa nishani ya Victoria Cross.

Na kuna Bibi MacRobert wa Scotland. Alikuwa na wana watatu, wote marubani. Wa kwanza alikufa katika ajali ya ndege 1938. Wawili waliobaki waliuawa vitani ndani ya majuma machache mwaka 1941. Mama huyo alitoa pauni 25,000 inunuliwe ndege ya mabomu, na Stirling ikaandikwa ubavuni MacRobert's Reply, yaani jibu la MacRobert. Hebu fikiria ndege hiyo ingekuwa imesimama leo mahali fulani, mtu akiweza kuweka kiganja kwenye maandishi yale.

Kwa nini hawakubakiza hata moja? Kwa sababu Stirling ilikuwa imeshapitwa kabla vita havijaisha. Mwishoni mwa 1943 iliondolewa katika mashambulizi makubwa dhidi ya Ujerumani, ikapewa kazi ya kuvuta ndege zisizo na injini zilizobeba askari, Normandy na Arnhem, na kuwapelekea wapiganaji wa chinichini silaha usiku. Kazi hizo zilikuwa za thamani kubwa, ila hazikuwa na jina. Amani ilipofika, sifa zote zilikuwa za Lancaster na Spitfire, na Stirling ikaonekana kama rundo la alumini.

Alumini yenyewe ilihitajika, na hili ni lazima lisemwe kwa haki. Uingereza ilikuwa imebomolewa miji, watu hawana pa kulala. Viwanda vilivyokuwa vikijenga ndege viligeuzwa kujenga nyumba ndogo za alumini, zilizoitwa AIROH, na zaidi ya 54,000 zilisimamishwa, sehemu ya alumini yake ikiwa imetoka kwenye ndege chakavu. Familia iliyopata paa mwaka 1947 haikuwa na sababu ya kuililia ndege. Siwalaumu waliotoa amri ya kuziyeyusha ndege hizo. Lawama yangu ni kwamba hapakuwa na mtu mmoja mwenye madaraka aliyesema: hii ya mwisho acheni.

Marekani ilikuwa hivyo hivyo, kwa ukubwa wake. Huko Kingman, jimbo la Arizona, zilipangwa jangwani zaidi ya ndege 5,000, na mwaka 1946 kampuni moja ilizinunua karibu 5,500 kwa mkupuo, kwa dola milioni 2.78. Ni wastani wa dola 500 hivi kwa ndege moja, wakati B-17 mpya, ndege ya mabomu yenye injini nne, iligharimu zaidi ya dola 200,000. Kwanza waling'oa injini, redio na vipimo. Kisha kreni ikainua panga zito la chuma na kuliachia lianguke, bawa likatengana na mwili. Vipande vikasukumwa kwenye tanuru. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, chuma cha pua na cha kawaida huhitaji zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo alumini ilitiririka chini na kuwaacha bolti na vyuma vya miguu juu ya wavu. Ni kazi ile ile unayoiona kwa mafundi wetu wanaoyeyusha injini mbovu kupata alumini ya kusubu sufuria, isipokuwa kwao malighafi ilikuwa ndege zilizorudi salama kutoka vitani.

Tena wakati mwingine iliyokatwa ilikuwa maarufu. Halifax yenye namba LV907, ya kikosi cha 158, iliitwa Friday the 13th, na wafanyakazi wake waliichora kila ishara ya mkosi waliyoijua, pamoja na kiatu cha farasi kilichopinduliwa, ili kuudhihaki mkosi wenyewe. Ilikwenda vitani mara 128 na kurudi mara 128. Mwaka 1945 ilionyeshwa Oxford Street, katikati ya London, maelfu wakapanga foleni kuiona. Baada ya hapo ikapelekwa karibu na York ikakatwa. Kilichobaki ni bati la pua lenye michoro, ambalo liko katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga London. Zilikuwa zimejengwa Halifax zaidi ya 6,000. Miaka mingi baadaye, wapenzi wa Yorkshire walipotaka kuwa na Halifax, ilibidi waanze na kipande cha mwili kilichokuwa kikitumika kama banda la kuku katika kisiwa cha Lewis, na mabawa wakayatoa kwenye ndege ya aina nyingine, Hastings. Waliipaka rangi za Friday the 13th. Ni kazi ya kuheshimika sana, lakini ile iliyorudi mara 128 ilikuwa mkononi mwa Uingereza mwaka 1945, ikaiachia.

Linganisha na Memphis Belle, B-17 iliyomaliza safari 25 za mashambulizi. Hiyo nayo ilikuwa kwenye foleni ya kukatwa huko Oklahoma. Meya wa Memphis, Walter Chandler, akaupatia mji wake kwa dola 350. Wala usidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha: kwa miaka mingi ilisimama nje, ikanyeshewa na kuibiwa vipuri, hadi ikachukuliwa na jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani mwaka 2005, ikakarabatiwa na kuonyeshwa rasmi Mei 2018. Kuokoa ndege huanza na sahihi moja, kisha hufuata miaka 70 ya gharama.

Kuna ndege nyingine zilizopotea kwa amri ya serikali, wala si kwa kusahauliwa. Ndege kubwa za mabomu za mbunifu wa Marekani Jack Northrop, zisizo na mkia wala mwili, bawa tupu, hazikubaki hata moja, na ya mwisho, YRB-49A, ikakatwa 1953. Mwaka 1980, Northrop akiwa mgonjwa, kampuni yake ilimpatia kibali maalumu akaonyeshwa mfano wa ndege ya mabomu iliyokuja kuitwa B-2, yenye upana wa mabawa ule ule wa kwake, futi 172. Arrow, ndege ya kivita ya Kanada ambayo mradi wake ulifutwa tarehe 20 Februari 1959, ilikatwa, michoro yake ikaamriwa iharibiwe, na imebaki sehemu ya mbele iliyoko Ottawa. Hizi huandikwa sana, sina la kuongeza.

Ipo moja ambayo kwetu ina uzito wa namna nyingine: Avro Lincoln, ndege ya mabomu ya Uingereza. Kati ya 1953 na 1955 Lincoln zilipaa kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Uingereza imebakiza moja nzima, RF398, pale Cosford. Ningependa moja ingebaki Nairobi. Kuhifadhi silaha si kuisifu. Mjukuu wa mtu aliyejificha msituni ana haki ya kusimama chini ya tumbo la ndege ile, aone mlango wa mabomu una urefu gani, na ajue babu yake alikuwa akisikia nini usiku. Picha haiwezi kumpa kipimo hicho.

Bila shaka utauliza kama zilizozama haziwezi kuibuliwa. Baadhi zimeibuliwa. Halifax W1048 ilitua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen, Norway, mwaka 1942, ikazama barafu ilipoyeyuka, ikatolewa 1973. Nyingine, NA337, ilitolewa ziwa Mjøsa mwaka 1995 na sasa imekamilika huko Trenton, Kanada. Siri ni maji baridi yasiyo na chumvi. Alumini ya ndege huchanganywa na shaba ili iwe ngumu, na mchanganyiko huo hauivumilii chumvi. Mahali inapogusana na bolti za chuma, umeme mdogo huzaliwa kati ya metali hizo mbili, na alumini ndiyo inayoliwa. Dornier 17 iliyotolewa baharini kusini mwa Uingereza mwaka 2013, ya pekee iliyobaki, ilibidi inyunyiziwe maji yenye asidi ya sitriki kwa muda mrefu kuondoa chumvi. Maji yetu ya pwani ni ya chumvi na ya joto, na joto huharakisha ulaji huo. Sitarajii kamwe kuiona Catalina nzima ikitoka Kilindini.

Ndiyo maana hicho kipande chako ni kitu kikubwa. Usikisugue kwa jivu, limau wala steel wool. Kisafishe kwa maji yasiyo na chumvi na brashi laini, ukianike kivulini. Ukiona rangi ya kijani iliyoelekea manjano upande wa ndani, iache: ni rangi ya kukinga kutu iliyotumiwa sana na viwanda vya Marekani. Tafuta namba iliyogongwa au kuandikwa kwa wino. Kiwandani, Catalina iliitwa Modeli 28, na namba za vipuri vyake kwa kawaida huanza na 28. Muhuri mdogo wa duara ukiwa pembeni ni wa mkaguzi.

Mali bila daftari huisha bila habari, na bahati nzuri daftari la vikosi lipo. Kumbukumbu za kila kikosi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye mfululizo wa AIR 27, mwezi kwa mwezi: tarehe, namba ya ndege, majina ya waliopaa, saa ya kuondoka na kurudi. Omba za kikosi cha 259 na 209 kwa miaka ambayo babu yako alikuwa Kipevu. Watu wa boti hutawakuta humo, kwa hiyo yaandike mwenyewe yote aliyowasimulia, na yale wanayoyakumbuka baba, shangazi zako na wazee wa mtaa: gati gani, mafuta yalibebwa kwa mapipa au kwa tangi, msimamizi aliitwaje, kipande alikipataje. Kisha kipige picha pande zote mbili, rula ikiwa kando yake, unitumie. Namba ikisomeka, tutajua kama kilikaa bawani, mwilini au kwenye mkia.